Juma au Hamisi

Juma ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Hamisi, ambalo Unguja na Pemba huandikwa zaidi Khamis, ni la aliyezaliwa Alhamisi. Kwa maelezo hayo mafupi hakuna la kuchagua: mtoto keshakuja na jina lake mwenyewe. Hata hivyo nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, zimewahi kukaa na mtoto wa siku tatu au nne asiye na jina kwa sababu upande mmoja unasema Juma, upande wa pili unasema Hamisi, na kila upande una hoja yake. Mara nyingi ubishi huo si wa nani anapenda lipi. Majina yote mawili yanapendwa, na yamekaa sana hata hakuna anayeyaona ya kigeni wala ya mtindo. Ubishi ni wa saa, wa ukoo, na siku hizi wa karatasi.

Wiki ya Waswahili huanza kuhesabiwa Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Siku tano hizo hutajwa kwa namba. Zikishapita, hesabu inakatika na siku mbili za mwisho zinaitwa kwa majina ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa, na ndizo hizo zilizozaa majina ya watu. Kwenye miezi limetokea jambo lile lile. Kalenda ya Kiislamu ya mwambao huhesabu miezi tangu Idi ya kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa. Mitatu iliyobaki ndiyo inayotajwa kwa majina yake, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na yote mitatu ni majina ya wanaume yaliyoenea toka pwani hadi Ujiji. Inaelekea kilichotakiwa ni siku au mwezi wenye heshima yake katika dini. Penye namba pakabaki namba. Bara mambo yalilegea, wakapatikana akina Jumanne na hata Jumatatu, lakini pwani majina hayo hayakuota mizizi kama haya mawili. Wasichana nao wana yao, Mwajuma na Mwanahamisi.

Namna majina haya yalivyokaa katika koo inaonekana kwenye nasaba za watu wanaojulikana. Mfanyabiashara wa Unguja aliyeitwa Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Anayepanda nasaba hiyo, akishampita baba, anakutana na siku, kisha mwezi. Mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, makala zake za kitaaluma huzitia saini ya Said A. M. Khamis: jina la siku limesafiri vizazi kadhaa, likaishia kwenye majarida ya vyuo vikuu vya Ulaya.

Kumpa mtoto jina la siku yake si mambo ya mwambao peke yake. Waakan wa Ghana humwita mvulana wa Ijumaa Kofi na wa Alhamisi Yaw. Kofi Annan, aliyezaliwa Ijumaa ya tarehe 8 Aprili 1938 pamoja na pacha wake wa kike Efua, angezaliwa Tanga angekuwa Juma, na dada yake Mwajuma. Tofauti ni kwamba Waakan wana jina kwa kila siku kati ya saba, kwa hiyo mtoto hakosi lake. Mwambao una siku mbili tu, tena zinazofuatana, na mpaka kati yao ndio chanzo cha maneno yote.

Mpaka huo ni magharibi. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, ambayo ndiyo ya kalenda ya Kiislamu, siku haianzi saa sita usiku. Inaanza jua likichwa, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana tarawehe ya kwanza husaliwa usiku kabla mtu hajafunga hata siku moja, na mwezi wa Idi ukiandama jioni, tarawehe huachwa usiku ule ule. Saa za Kiswahili zinakwenda na mpango huo: saa moja usiku ni saa ya kwanza ya siku mpya. Kwa hiyo usiku unaofuata mchana wa Alhamisi ni usiku wa Ijumaa. Magazeti ya leo huandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”, maneno yanayojaribu kuzipatanisha hesabu mbili. Mtu mzima wa Makunduchi akisema “usiku wa Ijumaa” bila kuongeza neno, hana haja ya kupatanisha chochote. Anajua alichosema.

Sasa achukuliwe mtoto aliyezaliwa Alhamisi, saa mbili na dakika kumi usiku. Muuguzi anaandika 20:10 kwenye kadi, na pembeni yake tarehe ya Alhamisi. Kadi hiyo ikifika nyumbani husomwa na watu wawili kwa macho mawili. Baba anatazama tarehe, anaihesabu kwenye kalenda ya ukutani, anaona Alhamisi, anasema Hamisi. Bibi hatazami tarehe. Anauliza tu, “Alizaliwa kabla ya magharibi au baada?” Akiambiwa baada, tena isha ilikuwa imeshaadhiniwa, kwake limekwisha: mtoto ni wa usiku wa Ijumaa, ni Juma. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja ameulizia siku katika kalenda yake.

Muda unaogombewa ni kama saa sita, kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku, na kila wiki unaleta jioni tatu za mashaka. Jumatano jioni hospitali inaandika Jumatano, siku isiyo na jina la mtu, huku bibi ameshapata Hamisi wake. Alhamisi jioni ni Hamisi wa kadi dhidi ya Juma wa bibi. Ijumaa jioni baba anarudi nyumbani na furaha ya Juma, kumbe kwa hesabu ya zamani Ijumaa imeshakwisha, mtoto ni wa Jumamosi na hana jina la siku kabisa. Jioni hii ya tatu ndiyo inayoleta maneno makali, kwa sababu hapo bibi hapendekezi jina jingine, ananyang'anya lililokwisha kutolewa. Kuanzia saa sita usiku mpaka magharibi inayofuata kalenda zote mbili zinakubaliana, na mtoto anayezaliwa alfajiri au mchana hana kesi.

Jambo moja hurahisisha kazi. Mwambao uko karibu na ikweta, hivyo mpaka wenyewe hausogei sana. Unguja jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni hivi, mwaka mzima. Anayejua mtoto alizaliwa saa kumi na moja jioni au saa mbili usiku hahitaji kuuliza ilikuwa mwezi gani. Taabu hubaki kwa mtoto wa ile nusu saa ya baada ya saa kumi na mbili. Hapo kumbukumbu ya adhana huwa na nguvu kuliko saa ya ukutani, kwa kuwa waliokuwa nje ya chumba cha kujifungulia mara nyingi hukumbuka walikuwa wanasali au wanatoka kusali.

Hesabu ipi ifuatwe? Majina haya yalizaliwa ndani ya hesabu ya magharibi, na hiyo ndiyo yenye haki ya kuyagawa. Saa sita usiku ni mpaka wa ofisi. Lakini watu hawaifuati hesabu ya magharibi kwa uaminifu mmoja. Huikumbuka haraka inapomgeuza Hamisi kuwa Juma, na huisahau inapomnyima mtoto wa Ijumaa jioni jina lake. Sababu yake inajulikana: Ijumaa ndiyo bwana wa siku, siku ya kuoga, kuvaa nguo safi na kwenda msikiti wa Ijumaa, na usiku wake nao una fadhila zake. Watu huvutwa upande wa Juma. Hamisi anaonewa kidogo hapo, maana Alhamisi si siku ya mitaani tu. Ni moja ya siku mbili za wiki, pamoja na Jumatatu, ambazo Mtume alikuwa akipenda kufunga, na ambazo hadithi zinasema amali za waja hupelekwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Nyumba yenye mtu wa kufunga sunna haimwoni Hamisi kuwa jina la pili.

Suala la saa haliishii kwenye jina. Akika husomwa siku ya saba, na siku ya saba lazima ihesabiwe kutoka mahali fulani. Kwa hesabu inayofuatwa na wengi katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya mwambao, siku ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa ya kwanza. Aliyezaliwa usiku huhesabiwa kuanzia mchana unaofuata. Mtoto wa Alhamisi mchana akika yake ni Jumatano. Mtoto wa Alhamisi saa mbili usiku anahesabiwa tangu Ijumaa, na akika yake inaangukia Alhamisi. Kwa hiyo familia inayotafuta mbuzi wawili wa mvulana, kinyozi wa kumnyoa nywele na fedha ya sadaka yenye uzito wa nywele hizo, imeshaamua mtoto ni wa siku gani hata kama haikukusudia. Pale ambapo sheikh ametaja siku ya akika, anayetaka kujua kama mtoto ni Juma au Hamisi anahesabu kurudi nyuma tu. Ubishi mwingi ungekwisha hapo kama watu wangekumbuka kufanya hesabu hiyo kabla ya kurushiana maneno.

Si lazima jina lisubiri siku ya saba. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume alipopata mwana usiku, asubuhi yake aliwaambia watu kuwa amempa jina la babu yake Ibrahimu. Hadithi hiyo hutajwa na pande mbili kwa sababu mbili tofauti. Wapo wanaoitaja kuonyesha kuwa jina linaweza kutolewa siku ile ile. Wengine wanachukua humo neno zito zaidi kwa habari hii: kwamba mtoto alipewa jina la mhenga wake, siku ya kuzaliwa haikuulizwa.

Hapo ndipo babu anapoingia, na akiingia kalenda hukaa kando. Katika mpangilio wa majina ya mwambao mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu, na desturi ya kurudisha jina la babu kwa mjukuu hufanya nasaba izunguke. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1984 na 1985 na kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, anaonyesha mzunguko huo kwa jina lake lote. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu, vivyo hivyo. Ndivyo wanavyopatikana akina Juma Khamis Juma na Khamis Juma Khamis, ambao orodha za shule za Pemba hazikosi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa amezaliwa Jumanne mchana kweupe. Jina lake halimhusu Ijumaa, linamhusu mzee.

Uchaguzi mgumu kuliko yote ni ule ambao siku inasema moja na ukoo unasema jingine: mtoto wa Alhamisi mchana, na babu mzaa baba aliitwa Juma. Kwa kawaida babu hushinda, hasa kama ni mvulana wa kwanza. Kama siku na babu mzaa mama wako upande mmoja, na babu mzaa baba upande wa pili, mambo hupimwa zaidi. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfat al-Mawdud, na humo anasema wazazi wakigombania jina, haki ni ya baba. Majumbani haki hiyo haitumiwi kwa ubabe. Njia inayosikika sana ni ya zamu: upande wa baba unatoa jina la kwanza, upande wa mama la pili. Kwingine Afrika Mashariki zamu hiyo ni sheria hasa. Wakikuyu humpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na hakuna wa kuuliza mtoto alizaliwa siku gani. Mwambao zamu ni mapatano, na mapatano huweza kuvunjwa na mzee mmoja aliye mgonjwa kitandani anayetaka kumwona wajina wake kabla hajafa.

Jina la babu huleta taabu yake ndogo, nayo humpata mama. Mke mwenye adabu hamtaji baba mkwe kwa jina. Mtoto akiitwa Juma kwa ajili ya baba mkwe, mama atamwitaje anapomkemea kwa kumwaga uji? Ndiyo maana katika nyumba kama hizo mtoto wa miaka miwili anaitwa “Babu” na mama yake, wakati mwingine “Baba”, na jina lenyewe hutumiwa na wengine. Mkamwana anayejua hayo mapema huweza kupendelea jina la siku kimyakimya, hasa kama siku imeangukia kwenye jina ambalo si la mkwe. Hatatoa sababu hiyo. Atasema tu kwamba mtoto alizaliwa Alhamisi.

Sauti nayo ina neno lake. Jina la mtoto litaitwa pamoja na la baba maisha yote, darasani, zahanati na mahakamani. Hamisi mwana wa Hamisi hawapendezi wengi, na ndani ya nyumba huleta mkanganyiko wa nani ameitwa. Kwa hiyo baba Hamisi aliyepata mvulana wa Alhamisi mara nyingi hulipeleka jina kwa jirani yake wa wiki, akamwita Juma, na baba Juma hufanya kinyume chake. Hili peke yake linatosha kueleza kwa nini majina haya mawili hukutana mara kwa mara kwa mtu mmoja.

Wapo pia wanaopeleka majina mawili kwa mpiga falaki. Masheikh wengi hawaikubali kazi hiyo, lakini inafanyika, na hesabu zake si siri. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika abjadi. Juma ni jimu 3, mimu 40, aini 70 na te ya mwisho inayohesabiwa kama he, 5: jumla 118. Khamis ni khe 600, mimu 40, ye 10 na sini 60: jumla 710. Huongezwa jina la mama. Kama mama ni Mariamu, yaani mimu 40, re 200, ye 10 na mimu 40, anachangia 290. Juma wa Mariamu anapata 408, Khamis wa Mariamu anapata 1,000. Kisha hutolewa kumi na mbili kumi na mbili. Kwa Juma haibaki kitu, na hiyo huhesabiwa kuwa kumi na mbili, nyota ya Hutu, samaki. Kwa Khamis inabaki nne, Saratani, kaa. Zote mbili ni nyota za maji, na wazazi waliokuja kuamuliwa wanarudi walivyokuja. Zaidi ya hapo, mpiga falaki mwingine huihesabu ile te ya Juma kwa thamani yake kamili, 400. Jumla inapanda hadi 803, inabaki kumi na moja, na mtoto yule yule anahamia nyota ya Dalu, ndoo, ambayo ni ya upepo. Chombo kinachogeuza jibu kwa herufi moja hakifai kupewa kesi ya mtoto.

Hoja ya mwisho ya namna hiyo hutokea jina likishatolewa. Mtoto analia usiku kucha, hanyonyi vizuri, na mtu mzima mmoja anasema mtoto analilia jina, kwamba aliyeitwa Hamisi alitaka kuwa Juma, au kuna babu aliyesahauliwa. Nyumba nyingine hubadilisha. Nyumba nyingine humpeleka mtoto kliniki, na kwa mtoto asiyenyonya hilo ndilo la kuanza nalo. Jina linaweza kungoja mpaka apone.

Pacha huondoa uchaguzi. Wavulana wawili wakizaliwa pamoja, Waislamu wa pwani mara nyingi huwaita Hassan na Hussein, na bara Kulwa na Doto wanatosha hata kabla ya jina la msikitini. Juma na Hamisi hawakuzoeleka kuwa jozi ya pacha, ingawa pacha waliozaliwa Alhamisi, wa kwanza kabla ya magharibi na wa pili baada yake, wangekuwa na haki kamili ya majina hayo. Tena wa Alhamisi angekuwa ndiye mkubwa.

Karatasi zimeongeza uzito ambao wazee hawakuwa nao. Fomu mara nyingi hutaka jina kabla siku ya saba haijafika, na jina lililoandikwa kwa haraka kwenye tangazo la kizazi huja kuwa jina la cheti cha kuzaliwa, kisha la cheti cha shule, kisha la kitambulisho. Hapa Juma ana faida iliyo wazi: herufi nne, na karibu kila mtu huziandika vile vile. Hamisi ana sura nyingi. Muuguzi mmoja ataandika Hamisi, mwalimu Hamis, karani wa Unguja Khamis, na mtu mmoja hujikuta na vyeti vitatu vya watu watatu. Dawa yake inajulikana, ni hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, lakini ni dawa ya kulipia na ya kupanga foleni. Aliyechagua Hamisi achague na maandishi yake siku hiyo hiyo, ayaandike kwa mkono wake mwenyewe kwenye fomu ya kwanza, na asimwachie karani kusikiliza kwa sikio. Mtoto atakayekulia Ulaya ana taabu nyingine ndogo ya Khamis: walimu wa kule watalianza kwa K, na atazoea.

Kadiri majina haya yalivyosafiri ndivyo yalivyoachana na siku zake. Magharibi mwa Kenya, Juma ni jina la Waluo na Waluhya, Wakristo wakiwemo. Profesa Calestous Juma, mwana wa Port Victoria aliyefundisha Harvard na kufariki mwaka 2017, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, nayo ilikuwa Jumanne. Kwenye miezi mambo ni hayo hayo. Shaaban Robert anaandikwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, siku iliyoangukia Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, mbali kabisa na mwezi wa Shaabani. Ama tarehe ni ya kukisia, kama zilivyo nyingi za Januari mosi, ama jina lilitoka kwingine. Katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi Juma amekuwa mvulana yeyote yule, mwenye machungwa kumi anayegawa manne, na hakuna mwanafunzi anayeuliza alizaliwa lini. Huenda ndiyo sababu baadhi ya wazazi vijana wa mjini wanaliona la kizamani au la kila mtu, wakakimbilia Rayyan na Ayman. Wanaobaki kati ya Juma na Hamisi kwa kawaida wana babu nyuma yao, au bibi.

Jina lililoshindwa halitupwi. Mara nyingi hubaki kuwa jina la nyumbani upande ule uliolitaka: mtoto ni Khamis kwenye cheti na kwa baba yake, lakini akienda kwa mama yake mkubwa anaitwa Juma, na anaitika yote mawili bila kusita. La sivyo huwekwa kwa mvulana wa pili, ambaye atalichukua hata akizaliwa Jumapili asubuhi, kwa sababu sasa ni deni la ukoo. Ikiwa mimba inayofuata ni ya msichana, familia nyingine husubiri tena, na nyingine hulipa hapo hapo: aliyekuwa awe Juma anakuwa Mwajuma, na aliyekuwa awe Hamisi anakuwa Mwanahamisi.